Sura ya Tisa: Bega la Mfalme

Keziah Pascoe hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa kituo, akampita konstebo wa zamu kama anayepita nguzo, akaenda moja kwa moja hadi mezani kwa Sajini Jabez Ruddock na kumbwagia picha mbele yake. Kikombe cha chai kilipinduka.

"Tazama," alisema. "Una macho, siyo? Basi leo yatumie."

Ruddock aliinyakua picha kabla chai haijaifikia. Ilikuwa picha ya kuchapwa kutoka kwenye bamba la shaba, karatasi nene, aina ile wanayoitundika sebuleni wenye sebule. Ilimwonyesha Lucian Harcastle, mwigizaji ambaye London nzima ilikuwa ikimpigia makofi msimu ule, akiwa amevaa kama Mfalme Orvand: taji la chuma kichwani, joho la manyoya hadi miguuni, upanga mkononi, jicho kama la mtu aliyetukanwa.

"Umeipata wapi hii?"

"Dirishani kwa Mossop, muuza picha wa mtaa wa Strand. Zimetundikwa tangu asubuhi. Nimeweka shali yangu rehani ili niinunue." Kweli, mikono yake ilikuwa wazi hadi kwenye viwiko na imepiga wekundu kwa baridi. "Haya, Sajini mwenye akili. Nionyeshe bizimu iko wapi."

Ruddock alitazama bega la mfalme. Palikuwa na manyoya tu.

Bizimu hiyo aliijua kwa maelezo, ingawa hakuwahi kuiona. Ilikuwa ya fedha, ukucha wa kipanga wenye vidole vitatu ulioshika jiwe la opali. Bibi Averil Stroud, mke wa lodi, alimwazima Harcastle aitumie kubania joho la mfalme jukwaani. Siku kumi zilizopita, Jumatatu tarehe kumi na nane Februari, Harcastle alikuja kituoni akilia machozi ya kweli. Aliivaa Jumamosi, alisema, na Jumatatu akakuta kisanduku kitupu. Ufunguo wa pili alikuwa nao mtu mmoja tu: Enoch Pascoe, mzee wa miaka sitini na minne aliyekuwa akimvalisha kwa miaka ishirini na saba. Siku hiyo hiyo Ruddock alikwenda akamkamata mzee, mchana, mbele ya majirani. Harcastle akaapa mbele ya hakimu. Kesi kubwa ilikuwa Jumatatu inayokuja.

"Mchoraji anaweza kuacha kitu," Ruddock alisema.

"Kuacha? Wewe bwana! Huyu amechora mpaka uzi wa soksi! Hesabu vifungo vya kiatu, vyote vipo. Hesabu meno ya taji. Halafu joho zito namna hiyo linakaa begani kwa kitu gani, kwa maombi?"

Konstebo wa zamu alicheka. Keziah akamgeukia.

"Cheka. Baba yako hayuko mahabusu."

Ruddock alivaa kofia.

"Nenda nyumbani, binti Pascoe. Picha nabaki nayo."

"Sina nyumbani pa kukaa na kungoja. Na usiniite binti kwa sauti hiyo ya kubembeleza. Uliitumia na siku ile ulipomchukua."

*

Mossop muuza picha alikuwa na jibu tayari, tena bila kuulizwa mara mbili.

"Aah, hilo? Mchongaji, Sajini. Oakeshott wa Clerkenwell. Mikono anayo, lakini chupa imemshinda. Alichelewa, akaharakisha, akaruka vitu. Bwana Harcastle mwenyewe kaniambia."

"Lini?"

"Juzi, alipokuja kutia sahihi nakala za kwanza."

"Ulimuuliza wewe, au alianza yeye?"

Mossop alikuna sikio. "Alianza yeye, nadhani."

Ruddock aliandika hilo kwenye daftari, akavuka mji kwa miguu. Mlevi aliyeruka kitu: maelezo mazuri, mepesi, na kesi ingebaki pale pale ilipokuwa. Angeweza hata kugeuza njia arudi kwenye chai yake. Lakini vifungo vya kiatu alikuwa amekwisha kuvihesabu akiwa njiani, na kweli vyote vilikuwepo.

Karakana ya Silvanus Oakeshott ilinuka asidi na wino. Mwenyewe alikuwa mtu mfupi mwenye upara, kioo cha kukuzia kimefungwa kwenye paji, kucha nyeusi. Hapakuwa na harufu ya pombe. Alimsikiliza Ruddock hadi neno "mlevi," kisha akaweka patasi yake chini polepole, kama mtu anayeogopa kuitumia.

"Nani kasema?"

"Mossop. Kwa mdomo wa Harcastle."

"Sijaonja hata bia tangu nimzike mke wangu! Miaka tisa!" Ngumi yake iligonga benchi na vyombo vikaruka. "Nimeruka? Mimi niruke? Siku kumi na moja, Sajini! Siku kumi na moja nilichonga kile kidude! Aliniletea hapa hapa nikae nayo mchana kutwa, nimechonga kila kidole, kila mng'ao wa lile jiwe. Kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya kwenye bamba. Na wakanifanya niifute kwa mkono wangu mwenyewe!"

"Akina nani?"

Oakeshott alivuta droo pana, akatoa karatasi iliyolala kati ya vitambaa, akaitandika chini ya dirisha. Ilikuwa picha ile ile, mfalme yule yule. Ila hapa, begani, ukucha wa kipanga ulikuwa umelishika joho kwa vidole vitatu, na katikati yake jiwe liling'aa hata katika wino mweusi. Pembeni, kwa penseli: *Nakala ya majaribio, 29 Januari.*

"Hii ni ya kwanza kutoka kwenye bamba," Oakeshott alisema. "Sasa njoo uone dhambi."

Alimsogezea bamba lenyewe. Juu ya shaba mfalme alikuwa amegeuka, upanga mkono wa kushoto, kwa maana kila kinachochongwa hutoka upande wa pili kikichapwa. Oakeshott alimshika Ruddock kidole gumba bila adabu na kukipitisha juu ya bega.

"Unasikia?"

Ruddock alisikia. Palikuwa na kibonde kidogo, laini, ambacho jicho lisingekiona.

"Shaba ukiikwangua, inabaki na shimo. Unaligeuza bamba, unagonga mgongoni kwa nyundo mpaka shimo lipande, halafu unachonga manyoya upya juu yake. Nimegonga, haikupanda yote. Kila nakala ya picha ile ina kivuli pale begani, ukijua pa kutazama. Aibu yangu hiyo, sasa inauzwa Strand nzima."

"Nani alikuagiza?"

"Yeye. Kwa barua. Nilimjibu kwamba ni wazimu, akasema nisipofuta bamba litapewa mwingine alimalize, na jina liwe la huyo."

"Barua unayo?"

"Barua za wapumbavu nazitunza zote. Nilijua ipo siku watasema kosa ni langu."

Ilikuwa karatasi yenye nembo ya Ukumbi wa Parthenope, alikoigiza Harcastle. Ruddock aliisoma akiwa amesimama.

*Bwana Oakeshott. Iondoe bizimu begani. Haitavaliwa tena. Sitaki mjadala. L. Harcastle. 6 Februari.*

Aliisoma tarehe mara ya pili. Kisha akamwomba Oakeshott aandike jina lake nyuma ya barua na nyuma ya ile nakala ya majaribio, siku na saa, naye akaandika hati ya kuvipokea. Mkono wake ulikuwa unaandika kwa nguvu hata nibu ikatoboa karatasi.

"Mbona umebadilika uso?" Oakeshott aliuliza.

"Kwa sababu mtu huyu aliapa mbele ya hakimu kwamba aliivaa tarehe kumi na sita. Na tarehe sita alikwisha kukuandikia kwamba haitavaliwa tena."

"Basi aliiuza!"

"Huenda." Ruddock aliinama tena juu ya ukucha ule, vidole vitatu vyembamba, nafasi sawa kati yao. Halafu akafungua daftari, akarudi nyuma hadi ukurasa wa tarehe kumi na nane, pale alipoandika hali ya mtuhumiwa kama sheria inavyotaka. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe: *Juu ya jicho la kushoto makovu madogo matatu, yamekauka. Anasema alianguka ngazini.*

Oakeshott aliuliza kama anaumwa. Ruddock alifunga daftari kwa kishindo, akatoka bila kuaga.

*

Mzee Enoch Pascoe alikuwa amekunja blanketi la mahabusu kwa ustadi, kingo kwa kingo, kama vazi la jukwaani. Alisimama Ruddock alipoingia.

"Kaa, mzee."

"Nimezoea kusimama, Bwana Sajini."

Ruddock aliitandaza nakala ya majaribio juu ya blanketi. "Niambie. Ngazi gani yenye kucha tatu?"

Mzee alitazama picha, akatazama ukuta. "Nilianguka."

"Makovu yalikuwa makavu siku niliyokukamata. Jeraha la wiki mbili. Tarehe tano, sikosei?"

Mzee alinyoosha kona ya blanketi.

"Mzee Pascoe, Jumatatu watakupa miaka saba. Kwa umri wako hiyo si miaka, ni jeneza."

"Mambo ya chumba cha kuvalia hubaki chumba cha kuvalia," mzee alisema. "Ndiyo kazi yenyewe, Bwana Sajini. Kuvalisha ni nusu. Nusu ya pili ni kunyamaza."

"Yeye amenyamaza?" Sauti ya Ruddock iligonga kuta na askari wa mlangoni akachungulia. "Ameshika Biblia akasema wewe ni mwizi! Ulikuwepo, ulisikia!"

"Alikuwa na hofu. Nilidhani atasema. Kila asubuhi ninaamka nikidhani, leo atasema."

"Hii hapa siku aliyosema." Ruddock aliweka barua juu ya picha. "Tarehe sita. Kesho yake tu. Uso wako haujaacha kutoka damu, yeye ameshaanza kufuta."

Mzee alisoma polepole, midomo ikicheza. Ruddock akasema kwa sauti ya chini:

"Keziah anatembea mikono wazi kwenye baridi hii. Shali yake iko rehani. Ameitoa anunue picha ya huyo bwana wako, akanitupie usoni, kwa sababu wewe hutaki kufungua mdomo."

"Shali ya mama yake?"

"Sijui ya nani. Hana shali."

Hapo Enoch Pascoe alikaa. Alikaa juu ya blanketi lile lile alilolikunja, likavurugika.

"Ilikuwa Jumanne," alisema. "Kati ya tendo la pili na la tatu. Tuna dakika nne za kubadilisha joho. Nikamchoma na pini, kidogo tu, hapa penye mtulinga. Akaing'oa bizimu akanirushia. Ikanipata hapa, ikadunda, ikagonga chuma cha meko. Jiwe likapasuka vipande viwili. Akaangalia vile vipande, Bwana Sajini, hakunitazama mimi. Nikafuta damu nisilichafue joho, nikambania bizimu ya kioo ya kawaida, akarudi jukwaani. Walimpigia makofi mpaka taa zikatikisika."

"Halafu?"

"Halafu akalia. Akanishika mikono. Akasema Enoch, Bibi Stroud akijua nimekwisha, nyamaza nami sitakusahau. Nikanyamaza. Kisha bibi akaandika kwamba anaitaka bizimu yake, binti yake anaolewa." Aligusa paji lake. "Sikujua kuwa mwizi atakuwa mimi."

"Vipande viko wapi?"

"Aliviweka kwenye kopo la poda ya mchele, rafu ya juu. Kama hajavihamisha."

Ruddock aliandika yote, akamsomea, mzee akatia sahihi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa Sajini.

*

Ijumaa adhuhuri walikuwa wakifanya mazoezi pale Parthenope. Harcastle alipokea watu chumbani akiwa nusu mfalme: joho begani, taji mezani, upande mmoja wa uso umepakwa rangi na mwingine bado. Bwana Venn, meneja wa ukumbi, aliingia nyuma ya Ruddock, na konstebo mmoja akasimama mlangoni.

"Sajini! Umeipata?" Harcastle hakugeuka, aliongea na kioo.

"Nakaribia. Nimebakiza maswali mawili matatu. Jumamosi tarehe kumi na sita uliivaa?"

"Mbele ya watu mia tisa."

"Ile ya Bibi Stroud? Si ya kioo?"

"Unanionaje, mwigizaji wa gulioni?"

Ruddock aliiweka picha ya Mossop kati ya makopo ya rangi. "Hapa hujaivaa."

"Mchongaji mlevi. Nilishalalamika."

"Kwa maandishi?"

"Sibishani na mafundi kwa maandishi."

Ruddock aliitoa barua, akaishika mbali na mkono wake. "Soma tarehe, Bwana Harcastle. Kwa sauti. Sauti unayo."

Harcastle alisoma kwa macho. Upande wa uso usiopakwa rangi ulibadilika. Ule uliopakwa ulibaki mfalme. Venn alisogea asome naye, akasema, "Lucian, nini hii? Tarehe sita tulikuwa bado..."

"Nyamaza, Venn!" Harcastle alisimama. "Na wewe! Konstebo wa mitaroni! Unajua unaongea na nani? Nikitoa neno moja kwa lodi utakuwa unalinda maboga sokoni! Mnataka nini kwangu? Ninabeba ukumbi huu mzima mgongoni, chakula cha watu tisini kinatoka kooni mwangu, halafu nihesabiwe vijiwe?"

"Nataka kujua ulikuwa umesimama wapi ulipomrushia."

"Toka nje!"

"Hapa penye kioo? Hukuwa na shabaha. Mzee anasema ilimkosa."

"Ilimkosa!" Harcastle alinyakua taji la chuma na kulitupa. Lilipita karibu na sikio la Ruddock, likavunja kioo cha mlango nyuma ya konstebo. "Sijawahi kukosa! Alikuwa hapo hapo uliposimama wewe, mjinga yule na pini zake, na nilim..."

Aliacha. Chumbani palisikika vipande vya kioo vikimalizia kuanguka.

Venn ndiye aliyepanda juu ya kiti. Hakungoja kuombwa. Alishusha kopo la poda ya mchele kutoka rafu ya juu, akalimimina juu ya meza, juu ya picha, juu ya kila kitu. Katikati ya weupe ule palionekana ukucha wa fedha, na vipande viwili vya jiwe.

"Enoch alikuja kwangu," Venn alisema. "Siku ile akiwa amefunga kitambaa kichwani. Nikamwambia aangalie ngazi. Mimi nilimwambia aangalie ngazi! Ondoa joho langu mwilini mwako, Lucian. Ni mali ya ukumbi."

Harcastle alilitazama joho, akatafuta kifungo, akashindwa. Alitazama huku na huku kama mtu anayengoja mtu fulani aje amsaidie. Hakuna aliyekwenda. Ruddock alimsomea shtaka la kuapa kwa uongo mbele ya hakimu huku yeye bado akihangaika na kamba shingoni.

*

Karatasi za kumwachia mzee zilikamilika Jumamosi saa tatu asubuhi. Ruddock alikuwa ameagiza gari la farasi lenye mapazia, limfikishe nyumbani bila bughudha. Keziah aliyekuwa langoni aliliona gari, akamwona Sajini, akasimama katikati ya njia.

"Mapazia ya nini?"

"Asisumbuliwe na watu."

"Ulipomchukua hukuleta mapazia. Ulimpitisha uani kwetu kwa miguu, mchana kweupe, pingu mkononi, mama Grubb na wanawe wote wakitazama. Siku kumi na mbili nzima nimeitwa mtoto wa mwizi bombani. Mrudishe vile vile ulivyomtoa."

Ruddock alimtazama mzee. Akamwambia mwenye gari aende zake.

Walitembea watatu. Uani watu walikuwa wengi, Jumamosi, nguo kwenye kamba, wanawake bombani. Mazungumzo yalikatika walipoingia. Ruddock alisimama pale pale alipomfunga pingu mzee, akavua kofia.

"Mimi ni Sajini Jabez Ruddock," alisema. "Mzee Enoch Pascoe hakuiba. Nilimkamata kwa neno la mtu mwongo, wala sikulichunguza. Kosa ni langu."

Mtu mmoja alitema mate. Ruddock alirudisha kofia kichwani na kugeuka aondoke.

"Bwana Sajini."

Alikuwa ni Mzee Pascoe. Katika siku zote zile hakuwahi kupaza sauti. Sasa aliipaza, ikatoka nene, ya mtu aliyesikiliza jukwaa kwa miaka ishirini na saba na kujua namna ya kulifikisha neno hadi viti vya nyuma. Uso wake ulikuwa umewiva kwa hasira hadi kwenye upara.

"Mama Grubb ana uziwi. Na wa ghorofani madirisha yao yamefungwa. Sema tena."

Ruddock alivua kofia. Juu, dirisha moja likafunguka, kisha la pili. Alivuta pumzi, akasema tena.